Jina la Mtu si Kosa la Tahajia

Imekuwa desturi miongoni mwa baadhi ya washairi na wahariri wa Pwani kuyacheka majina ya watu wa Mbulu na Hanang. Likitajwa jina kama Tluway au Hhando, wao hucheka kwanza, kisha hulirekebisha: hh huachwa moja, q hugeuzwa k. Hoja yao ni kwamba Kiswahili hakina herufi hizo. Ni kweli, alfabeti ya Kiswahili sanifu haina q wala x. Lakini jina la mtu si neno la kamusi, na kukosa herufi za jina la mwenzio hakukupi haki ya kumbatiza upya.

La ajabu ni kuwa wanaocheka ndio waliostahili kufahamu zaidi. Hh ya Kiiraqw ni ile hee itokayo kati ya koo, ambayo mtoto wa kisiwani huchapwa chuoni mpaka aitoe sawasawa. Ain nayo imo, nayo huandikwa kwa mkwaju. Q ni jirani wa kafu nzito, na x ni jirani wa khe. Zilizo ngeni hasa ni tl na sl, ambayo hewa yake hupita ubavuni mwa ulimi. Jina la Wilbrod Slaa, mzaliwa wa Mbulu, lilikuwa katika karatasi za kura ya urais mwaka 2010. Ni wangapi nje ya kwao waliojali kulitamka?

Kosa la pili ni la wanaohesabu. Hao huchukua orodha ya majina ya mwisho, wakajumlisha, wakatangaza ukoo fulani una watu kadhaa. Wamesahau kwamba Bara, kama Unguja na Pemba, jina la tatu mara nyingi ni la babu tu. Kizazi kikipita, nalo hupita. Likigandishwa na shule au pasipoti, si lazima liwe la ukoo.

Tazama majina ya Wadatoga yanayoanza na Gida-. Mgeni huyaona mengi akadhani ni ukoo mmoja mkubwa, kumbe Gida- ni alama ya mwanamume, kama Uda- ilivyo ya mwanamke. Gidamis Shahanga, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, ana alama hiyo katika jina lake la kwanza. Kuwahesabu akina Gida- kuwa ukoo ni sawa na kuwahesabu akina Abdu wote wa Pwani, Abdallah na Abdulrahman, kuwa watoto wa baba mmoja.

Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Manyara una watu 1,892,502. Haikuwauliza kabila, swali hilo liliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967. Katika nchi hiyo Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi, wanakaa na Wadatoga wa Kiniloti, Warangi wa Kibantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda ambao lugha yao haina ndugu. Jina peke yake haliwezi kuwagawa watu hao.

Watasema: mbona malenga wetu walilainisha? Ni kweli. Katika Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, Kaisari Heraclius ameitwa Herekali, na mizani ikakaa. Lakini Heraclius hakuwa na shamba la kurithi Pate. Hati ya shamba la baba ikisema Hhando na cheti cha mwana kikasema Hando, mwana atapelekwa kwa wakili akale kiapo kuwa yeye ni mtoto wa baba yake. Herufi moja iliyofutwa kwa kicheko humgharimu mtu nauli, ada na fedheha.

Mshairi na afuate mizani yake katika beti. Kwenye rejista na katika kurasa za majarida, mwenye jina aulizwe, na lile atakaloandika mwenyewe ndilo sahihi.