Mwacheni Ukweli Atoke Kisimani

Wapenzi wa vitabu, leo nina ugomvi nanyi. Ni kuhusu ile picha ya mwanamke aliye uchi kwenye kisima, inayozunguka kila mara katika magrupu yetu ya WhatsApp ikiwa na kile kinachoitwa "hadithi ya karne ya 19". Mnaijua. Ukweli na Uongo walikwenda kuoga kisimani. Uongo akatangulia kutoka, akavaa nguo za Ukweli, akatimka. Ukweli akabaki uchi, watu wakamgeuzia uso, naye kwa aibu akarudi kisimani kujificha. Eti tangu hapo dunia inampokea Uongo kwa sababu amevaa nguo za mwenzake. Chini yake utaona makofi, mioyo, na "funzo zito sana".

Hebu sasa tuitazame picha yenyewe. Ilichorwa kwa rangi za mafuta mwaka 1896 na Jean-Léon Gérôme, Mfaransa aliyefundisha miaka mingi katika École des Beaux-Arts, Paris. Leo iko katika makumbusho ya Anne-de-Beaujeu, mjini Moulins. Jina lake la Kifaransa ni refu na halifichi kitu: Ukweli akitoka kisimani na mjeledi wake ili kuwaadhibu wanadamu. Anatoka, harudi. Anakuja kuadhibu, haoni haya. Anavuka ukingo wa kisima, kinywa wazi, anapiga kelele. Mjeledi alioshika ni ule mfupi wa mikanda mingi ya ngozi, ambao Wafaransa waliutumia majumbani kuwachapa watoto watukutu. Uongo yuko wapi hapo? Hayupo. Na nguo zilizoibwa? Hakuna.

Uchi wa mama huyu hauhitaji mwizi. Wachoraji wa Ulaya walimchora Ukweli uchi karne nyingi kabla ya Gérôme. Botticelli alifanya hivyo Italia katika karne ya 15. Asiye na cha kuficha atavaa nini? Kisima nacho kinatokana na kauli anayohusishwa nayo Democritus, mwanafalsafa wa Kigiriki, kwamba ukweli umo kilindini.

Tena kuna jambo ambalo wasambazaji hawalitaji kabisa. Mwaka 1895 Gérôme alichora picha nyingine ambayo ndani yake Ukweli amelala kisimani, maiti, ameuawa na waongo na waigizaji. Mwaka uliofuata akamtoa akiwa hai na hasira zake. Hasira za nini? Wapo wanaoitaja kesi ya Dreyfus, ofisa Myahudi aliyehukumiwa kwa uongo mwaka 1894. Wapo wanaotaja chuki ya Gérôme kwa wachoraji wa impreshoni, kwani mwaka huohuo wa 1894 alipinga hadharani serikali kupokea picha zao alizoziacha Caillebotte katika wosia. Wengine wanakumbusha kwamba mwaka 1902 aliisifu fotografia kwa kuutoa ukweli kisimani. Tunaweza kubishana hapo mpaka asubuhi, lakini tutakuwa tunabishana juu ya mtu aliyeishi na kazi aliyoifanya.

Najua jibu lenu: "Acha hizo, hadithi ina funzo, tatizo nini?" Tatizo ni hilo funzo lenyewe. Hadithi ya nguo inatusafisha. Sisi ni watu wema tuliodanganywa na mwizi mjanja, na Ukweli ni mnyonge wa kuhurumiwa. Picha inasema kinyume chake: wanadamu ndio wakosaji, na fimbo inakuja kwetu. Ndiyo maana hadithi inapendwa. Nani anataka kuchapwa wakati anaweza kuhurumia?

Wala simtetei Gérôme kama mtakatifu. Mkitaka kweli kumwona Uongo ndani ya nguo za Ukweli, alimchora yeye mwenyewe, karibu mwaka 1879, katika picha ya mcheza na nyoka, ile iliyowekwa kwenye jalada la Orientalism ya Edward Said. Vigae vya ukutani vinafanana na vya kasri la Topkapi, Istanbul, na kila kimoja kimechorwa kwa uangalifu wa ajabu. Lakini tukio zima ni Mashariki ya kubuni, iliyopangwa kumfurahisha mtazamaji wa Ulaya. Usahihi wa vigae ndio nguo. Linalovaa nguo hizo ni uzushi. Huo ndio mjadala unaowafaa wasomaji.

Wahenga walisema, ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Hawakusema ukweli hurudi kujificha. Basi ikikufikia tena picha ile, uliza mambo matatu: nani alichora, lini, na aliipa jina gani. Kama ujumbe haujibu hata moja, usiutume. Na aliyeutuma mwambie, hata kama ni mkubwa wako, kwa heshima zote: "Shikamoo, lakini hii siyo."