Uzembe, neno lililojaza kupita uwezo wake

Taarifa ya ajali karibu kila mara huishia pale pale: chanzo ni uzembe wa dereva. Msomaji wa gazeti anaweza kuimalizia sentensi hiyo kabla hajaifikia. Neno hilo hilo ndilo analorushiwa kijana aliyelala hadi saa nne bila kufagia uwanja, karani aliyepoteza jalada, muuguzi ambaye mgonjwa wake amefariki zamu ya usiku, na mkandarasi ambaye kalavati lake limekwenda na mvua ya kwanza. Makosa haya hayafanani wala hayastahili adhabu moja, lakini tunayatia yote katika kapu moja na kulifunga mdomo. Dai langu ni kwamba kapu lenyewe sasa linaficha kuliko linavyoonyesha, na Kiswahili hakina dhiki ya maneno hata tulazimike kulibeba hilo peke yake.

Kwanza umbo lake. U- ya uzembe ni ile ya uvivu, ulevi na uchoyo: inataja tabia ya mtu, haitaji alichofanya. Hauna saa, hauna mahali, hauhesabiki. Tukisema “uzembe wa dereva”, kile kijineno “wa” kinamkabidhi dereva mzigo wote kama mtu anayekabidhiwa mali yake. Halafu kuna harufu ya uvivu ambayo neno hili halijaachana nayo. Tanzania ya Azimio la Arusha la 1967, na zaidi ile ya Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, iliimba kazi asubuhi na jioni, na katika lugha ya kampeni zile mzembe alikuwa jirani wa mzururaji, mtu asiye na jembe wala ofisi. Kwa hiyo hata leo tukisikia uzembe, picha inayotujia ni ya mtu aliyejinyoosha kivulini.

Sasa tazama kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikitoka Bugolora kisiwani Ukerewe, kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Ilikuwa siku ya gulio, na watu walikuwa wakirudi makwao na mizigo yao. Hapo nani alikuwa amejinyoosha kivulini? Watu zaidi ya mia mbili hawaingii chomboni kwa sababu mtu hafanyi kazi. Wanaingia kwa sababu kuna wanaowapakia, na siku ya gulio inajulikana tangu wiki iliyopita. Miaka 24 kabla yake, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilizama Mombasa ikiwa imejaza vivyo hivyo, wakafa watu 272. Hata dereva wa daladala anayepita kwenye mitaro ili awahi abiria wa kituo kinachofuata si mvivu. Ameamka saa kumi alfajiri, na jioni ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri, ipatikane isipatikane. Kosa lake ni kubwa, lakini limezaliwa na bidii. Kumwita mzembe ni kumtafutia ugonjwa asiokuwa nao, ndiyo maana dawa tunayompa, yaani semina na makaripio, haimponyi.

Maneno ya kuyatenga makosa haya tunayo. Kughafilika ni kwa yule ambaye akili yake imeteleza kwa nukta moja, na si ajabu kwamba neno hilo linatoka shina moja la Kiarabu na “ghafla”: aliyeghafilika ndiye mambo humjia ghafla. Kupuuza ni kinyume chake kabisa. Huwezi kupuuza usichokijua. Anayepuuza ameona, ameambiwa, akapita. Ule usemi wa usipoziba ufa utajenga ukuta haumsemi kipofu, unamsema mwenye nyumba anayeutazama ufa kila akinywa chai. Ajizi ni kuahirisha, kazi ya leo ikawa ya kesho na ya kesho ikawa ya mtondo, na wahenga waliijengea nyumba yake, ya njaa. Ulegevu ni wa kamba na nati kabla ya kuwa wa watu, kwa hiyo unafaa sana kwa usimamizi ambao sheria zake zipo ila hazikazwi. Magazeti ya Kenya yanapenda “utepetevu”, hasa yakiwasema polisi, na nadhani yamepata: ni neno la kitu kilicholainika hadi hakiwezi kusimama wima. Upurukushani ni kugusa kazi juu juu ili mtu aonekane ameigusa. Na mtaani kuna “kulipua”, neno ambalo wasanifishaji huenda wakalikunjia uso, lakini kila aliyewahi kujenga analielewa: fundi anapiga plasta juu ya tofali kavu, anaisawazisha ikang’aa, anachukua hela yake, na baada ya miezi mitatu ukuta unajimenya kama ndizi. Huyo hakughafilika. Alijua, na haraka yake ilikuwa na bei.

Zipo hoja za kunipinga. Ya kwanza ni kwamba mwenye lugha huelewa kwa muktadha, na neno pana si dhambi. Nakubali, jikoni na uwanjani. Mama akimwambia mwanawe ameunguza maharage kwa uzembe, hahitaji kamusi. Lakini taarifa ya vifo ndiyo inayojenga muktadha wenyewe. Msomaji hana pengine pa kuutoa. Ya pili ina uzito zaidi: ukiyagawa makosa, umewapa wakosaji mlango wa kutokea, kila mmoja atasema alighafilika tu. Naona mambo ni kinyume. Mlango huo upo tayari na jina lake ni uzembe. Bosi aliyesoma barua tatu za kuonya kuhusu mtambo mbovu akazitupa droo ya chini atafurahi kuitwa mzembe, maana mzembe huhamishwa kituo. Mwite mpuuzaji na utalazimika kuuliza alipuuza nini, lini, na barua ziko wapi. Ya tatu ni ya waandishi wenzangu: kichwa cha habari hakina nafasi, na polisi ndivyo walivyosema. Basi tuandike tendo. “Kivuko cha watu 101 chabeba zaidi ya mara mbili” si kirefu, na hakimhukumu mtu kabla ya mahakama.

Mahakama yenyewe inahusika. Mwaka 2021 Tanzania ilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kanuni ya Adhabu, iliyoandikwa kwa Kiingereza, inamtaja kwa jina lake anayehatarisha maisha ya watu kwa kukurupuka bila kujali, na kwa jina jingine anayeyahatarisha kwa kukosa uangalifu. Wakili akiyaita yote mawili uzembe, mtu anaweza kufungwa au kuachiwa kwa upungufu wa msamiati.

Chukua tairi moja la basi, kipara hadi nyuzi zinaonekana. Dereva aliliona asubuhi akapanda, maana gari si lake: alijua, akaogopa kukosa kazi. Tajiri aliambiwa tangu mwezi uliopita: alipuuza. Fundi wa gereji alilizungushia rangi nyeusi likapendeza: alilipua. Askari wa kizuizini alilimulika tochi, akalipiga teke mara moja, akapokea alichopokea, akafungua njia. Kwa hilo la mwisho neno tunalo siku nyingi, na si uzembe.