Nilipobeba baiskeli badala ya kubebwa nayo

Hivi msomaji, umewahi kutoa pesa zako mwenyewe mfukoni ili uhangaishwe? Mimi nimewahi. Nililipa Septemba 2024, nchini Uingereza, nikapewa nambari ya kubandika mgongoni, na kwa muda wa saa nzima nikawa mtu wa kupanda baiskeli, kushuka, kuibeba begani kama gunia la makaa, kuruka mbao na kuipanda tena. Kila nilipodhani nimefika, nilijikuta pale pale nilipoanzia.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba Jumamosi asubuhi hunikuti nyumbani. Hutoka Ruaka kwa baiskeli, nikapitia Banana na Tigoni hadi Limuru, nikanywa chai na kurudi. Nilianza baada ya daktari kunipima presha na kunitazama kwa macho ya huruma. Sijawahi kushinda chochote. Wauza mboga wa Banana hunipungia mkono, wengine hunicheka, na wote wawili tumezoeana. Basi nilipofunga safari kwenda kumtembelea mdogo wangu kule Yorkshire, ambako ni muuguzi, nilijiona mwendeshaji baiskeli kamili.

Lakini kabla sijafika kwenye mbio, kuna jambo ambalo sina budi kulisema, maana bila hilo utadhani nilikwenda kucheza tu.

Mama yetu alifariki Mei 2020. Utakumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Machi na hazikuruhusiwa tena hadi Agosti, na mazishini walitakiwa watu wasiozidi 15. Mdogo wangu alimzika mamake kwa kutazama simu. Nami, kifungua mimba, mtu mzima mwenye kazi ya kuandika, nilimpigia usiku ule na kumwambia kwamba mwenye nia hakosi njia. Nilijua vyema kwamba njia haikuwapo. Lakini uchungu hauulizi ratiba ya ndege. Tangu siku hiyo tukawa ndugu wa kutumiana salamu za Krismasi.

Aliponipokea uwanja wa ndege tulikumbatiana, tukaulizana hali ya hewa, kisha tukanyamaza hadi kwake. Siku ya tatu, kwa kukosa la kuzungumza, alinionyesha baiskeli zake mbili ukutani. "Kaka, Jumapili nina mbio," akasema. "Unaweza kuja kutazama." Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kutazama. Kiburi hicho, msomaji, ndicho kilichoniponza.

Mchezo wenyewe huitwa saiklokrosi. Ni mbio za baiskeli zinazokimbiwa nyasini, mchangani, msituni na matopeni, katika mzunguko mfupi wa kilomita mbili na nusu hadi tatu na nusu hivi. Baiskeli yake ukiitazama kwa mbali ni ile ya barabarani yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, ila tairi zake ni nene kidogo na zina meno. Katika mashindano ya kimataifa tairi haliruhusiwi kuzidi upana wa milimita 33. Njiani huwekwa mbao zilizosimamishwa, zenye urefu wa hadi sentimita 40, ili ulazimike kushuka na kuruka. Kuna ngazi pia. Kuna vilima ambavyo mwenye akili timamu hawezi kuvipanda ila kwa miguu, baiskeli ikiwa begani.

Ulianzia Ufaransa. Waendeshaji wa barabarani walitafuta namna ya kuweka miili yao sawa wakati wa baridi, na kule kushuka na kukimbia kuliwasaidia kupasha miguu moto. Ufaransa ilipata bingwa wake wa kwanza mwaka wa 1902, na ubingwa wa dunia ukaanza mjini Paris mwaka wa 1950, Mfaransa Jean Robic akautwaa. Siku hizi Wabelgiji na Waholanzi ndio wanaotamba. Mbelgiji Erik De Vlaeminck alitwaa taji la dunia mara saba kati ya 1966 na 1973, na ilichukua zaidi ya miaka 50 kabla ya Mholanzi Mathieu van der Poel kumfikia kwa taji lake la saba mwaka wa 2025 huko Liévin. Huko Ubelgiji watu hulipa kiingilio, wakasimama baridini na bia yao, wakashangilia kama sisi tunavyoshangilia Gor na Ingwe.

Msimu huanza Septemba na kwisha Februari. Picha zote nilizoziona zilikuwa za watu waliopakwa matope hadi menoni, nami nilikuwa nimejiandaa kwa matope. Jumapili ile hapakuwa na hata tone. Jua liliwaka, nyasi zilikuwa za rangi ya simba, na ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu ya kanisa. Nilifurahi. Nilidhani ukavu ni rehema.

"Usidanganyike," mdogo wangu akaniambia akipunguza upepo wa tairi zangu hadi nikaogopa. "Matope hukupunguza mwendo, ukianguka unaangukia godoro. Mwezi huu watu wana kasi, na ukianguka unaangukia mfupa."

Mapema walikuwa wamekimbia watoto, wengine wadogo kiasi cha kwamba baiskeli ziliwazidi kimo. Wazazi walipiga kengele, zile tunazowafunga ng'ombe shingoni. Nilicheka. Nilicheka tena nilipomwona ajuza wa makamo ya shangazi zangu akinyoosha misuli kando ya gari. Huyo alinipita baadaye bila hata kuhema.

Mpango wa kusimama mwanzoni hufuata pointi ulizokusanya. Mdogo wangu, ambaye msimu uliotangulia alijitahidi, alikuwa mstari wa pili. Mimi nilipangwa nyuma kabisa na wageni wenzangu, na mbele yangu ulikuwa msitu wa migongo. Filimbi ilipolia, wote waliondoka kama waliomwagiwa maji moto. Vumbi likatanda. Kwa dakika mbili nzima sikuona kitu ila gurudumu la mwenzangu, na moyo ulinipiga hadi masikioni. Nikaikumbuka presha yangu. Nikamkumbuka pia marehemu Sule Kangangi, yule Mkenya mwenzetu aliyeanguka na kufariki Agosti 2022 katika mbio za njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Yeye alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mimi ni nani? Nikalegeza miguu, wawili walionibakia nyuma wakanipita.

Kisha zikaja mbao. Anayejua hutoa mguu wa kulia ungali mwendo, akaupitisha nyuma ya tandiko, akatua na kukimbia, akainua baiskeli kwa fremu, akaruka mara mbili na kulirukia tandiko bila kusimama. Mdogo wangu alinifundisha jioni mbili nyuma ya nyumba. Mimi nilisimama kabisa, nikashuka kwa heshima kama mzee anayeshuka matatu, nikavuka mbao moja moja. Mtoto mmoja akanipigia kengele kwa nguvu zake zote na kunihimiza. Nakwambia, msomaji, hakuna kitu kinachoumiza kama kuonewa huruma na mtoto wa miaka saba.

Mzunguko wa pili nilianguka kwenye mchanga. Wa tatu nilianguka kwenye kona, nikachubuka goti na kiwiko. Wa nne, jambo la ajabu likatokea. Mwili ukaacha kupiga kelele. Nikaanza kujua kwamba kwenye mti ule mkubwa unapinda mapema, kwenye mteremko ule unaachia breki, na kwenye kile kilima cha mwisho usijaribu ushujaa, beba tu. Nilimpita mtu mmoja. Naam, mmoja, na nilimpita kwa sababu mnyororo wake ulikuwa umechomoka, lakini nimempita.

Muda si muda nikasikia pumzi nyuma yangu na sauti: "Kaka, kulia kwako!" Nikasogea. Mdogo wangu akapita kama mshale, akiwa amenizidi mzunguko mzima. Hakugeuka. Nilimtazama akipanda ngazi huku baiskeli imemkalia begani kama sehemu ya mwili wake, na ikanijia kwamba nilikuwa sijawahi kumwona akifanya kitu anachokipenda tangu tulipokuwa tukigombania Black Mamba ya baba.

Dakika chache baadaye, kwenye ua wa miti kando ya uwanja, nikamkuta anakimbia. Baiskeli begani, gurudumu la mbele halina upepo.

Baadaye alinieleza, na nikuelezee wewe pia. Mashamba ya Uingereza yamezungushiwa nyua za miti ya miiba. Sheria za huko huzuia wakulima kuzikata kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti, ndege wapate kutaga na kulea vifaranga. Septemba ikifika, mashine hutoka. Miiba iliyokatwa humwagika chini wakati ule ule saiklokrosi inapoanza, na ardhi ikiwa kavu haiimezi. Hubaki juu ikingoja. Tairi zake nzuri, zile za kubandikwa kwenye ringi kwa gundi, mwiba ukipita huzibi njiani. Unakimbia hadi kituo cha kubadilishia, mahali pekee panaporuhusiwa, unachukua baiskeli yako ya pili na kuendelea.

Baiskeli yake ya pili nilikuwa nimeikalia mimi.

Nilifunga breki. Nikashuka, nikamwelekezea usukani. "Chukua!"

"Hapa hairuhusiwi," akasema bila kusimama.

"Basi nitakuachia kituoni!"

"Thubutu uone!" Hiyo ndiyo lugha aliyotumia kwa kaka yake mkubwa. "Umeanza, utamaliza. Panda!"

Nikapanda. Sijui niliendeshaje nusu ya mzunguko ule, maana macho yalikuwa yameingia vumbi, au tuseme ni vumbi. Nilipofika kituoni niliona magurudumu ya akiba ya wenzake yamepangwa, baiskeli zimeegemezwa, marafiki wamesimama tayari. Pake palikuwa na kitambaa na chupa ya maji. Pointi za siku ile zilikwenda, na kuanza mbele katika mbio zilizofuata kukawa hatarini pia, kwa sababu alitaka kaka yake asikae kando akitazama.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, alikuwa amekwisha kujitoa. Alisimama kwenye mbao na kile kitambaa mkononi, akipiga kelele kwa lugha ya nyumbani, maneno ambayo Mama alitumia kutuhimiza tukipanda kilima na madebe ya maji. Waingereza waligeuka kutazama. Nilishuka ungali mwendo, mguu ukapita nyuma ya tandiko, nikaruka ya kwanza, nikaruka ya pili. Kulirukia tandiko sikuweza, nililipanda kwa tumbo. Lakini mbao niliziruka.

Katika saiklokrosi, kiongozi akimaliza, wote mliobaki humalizia mzunguko mlio nao. Nilimaliza mizunguko sita, kiongozi minane. Nilikuwa wa tatu kutoka nyuma. Yule shangazi alininunulia chai.

Tuliketi nyuma ya gari, buti limefunguliwa. Akautoa mwiba kwa koleo, mdogo kuliko punje ya mchele, akauweka kiganjani tukautazama. Kisha, bila kuniangalia, akasema:

"Siku ya Mama, simu ilikatika mlipoanza kumteremsha. Nilipiga mara tisa, hamkushika. Nikachukua baiskeli, nikaja kwenye uwanja huu. Hakukuwa na mtu. Nikazunguka hadi giza, kisha nikaenda zamu ya usiku."

Simu ile, msomaji, ilikuwa mkononi mwangu. Niliiona ikiwaka. Nilishika jembe, nikaiacha ilie.

Nilimweleza hivyo. Nikamweleza na mengine ambayo nilikuwa nimeyabeba tangu 2020, na hayo ni yetu wawili, hayahusu gazeti. Chai ilipoa. Watu walikunja utepe wa njia, wakang'oa vigingi, magari yakaanza kuondoka moja moja.

Hatimaye akasimama, akaenda kwenye bomba, akarudi na ndoo na brashi, akaviweka mbele ya miguu yangu.

"Kaka," akasema, "huku, baiskeli uliyoichafua unaiosha mwenyewe."