HESABU ZA MKULIMA: Kigawo Kikubwa na Mistari ya Chai

Katika vilima vya Kericho na Bomet chai hupandwa kwa mistari. Kwa desturi huachwa futi 4 kati ya mstari na mstari, na futi 2 na nusu kati ya mche na mche. Kwa hiyo mkulima wa huko, hata asiyesoma sana, huijua mali yake kwa mistari. Na siku ya kuwagawia watoto, ugomvi huanzia katika mistari hiyo hiyo.

Mathalani, mzee mmoja ana mistari 48 ya chai ya zamani na mistari 36 ya chai changa. Watoto wake ni wanne, wa kiume wawili na wa kike wawili. Hapendi kuikatakata ardhi. Ataka kila mtoto awe na mistari yake ya kuchuma. Lakini chai changa haitoi majani sawa na ile ya zamani. Atakayepewa changa tupu atanung'unika, na manung'uniko yake yatakuwa ya haki.

Hapo ndipo hesabu ya herufi inapofaa. Kilo za mstari mmoja wa zamani, kwa mchumo mmoja, ziitwe m. Za mstari mmoja mchanga ziitwe n. Na bei ya kilo moja iitwe b. Basi fedha zote za mchumo ni:

48mb + 36nb

Mwenye haraka huona kwamba 6 hugawa 48 na 36, akaandika 6(8mb + 6nb) na kuweka kalamu chini. Hakukosea, ila kazi yake haikwisha. Mafungu yake ni sita na watoto ni wanne: kila mmoja atwaa fungu moja, na mawili yabaki ya kugombewa. Tena, ndani ya mabano, 8 na 6 bado zagawika kwa 2, na b imo katika sehemu zote mbili.

Njia iliyo bora ni kuzivunja namba mpaka mwisho:

48 = 2 × 2 × 2 × 2 × 3
36 = 2 × 2 × 3 × 3

Vigawo vilivyomo katika zote mbili ni 2 × 2 × 3, yaani 12. Hicho ndicho Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba hizo. Herufi b nayo ni ya shirika, kwa hiyo hutoka nje. M na n, kwa kuwa kila moja imo katika sehemu moja tu, hubaki ndani:

48mb + 36nb = 12b(4m + 3n)

Sasa 4 na 3 hazina kigawo cha shirika ila 1, kazi imekwisha. Na ijaribiwe. Ikiwa m ni kilo 3, n ni kilo 1, na b ni shilingi 25, upande wa kushoto ni 3,600 na 900, jumla 4,500. Upande wa kulia ni 12 × 25 × 15, nao ni 4,500 vile vile.

Maana yake shambani ni hii: yako mafungu 12 yaliyo sawa, kila fungu mistari 4 ya zamani na 3 michanga. Kila mtoto atwaa mafungu matatu, yaani mistari 12 ya zamani na 9 michanga, na kwa mchumo ule kila mmoja apata shilingi 1,125. Hakuna mstari uliobaki.

Lakini msomaji na aangalie jambo moja. Mafungu 12 hugawika kwa watu wanne, na hugawika pia kwa wawili. Mzee akiwahesabu watoto wa kiume peke yao, hesabu haitamzuia. Kila mmoja atapata mafungu sita. Namba hazijui nani ni mtoto. Hilo hujulikana na baba, na tena sheria: Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haimtengi mtoto wa kike, na Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi huo.

Basi kabla ya kutafuta kigawo kikubwa, mzee na awahesabu watoto wake wote.