Maswali Kumi Kila Asubuhi: Kwa Nini Nilifuta Ile Video ya Kakuma

Mwaka jana nilifuta video iliyonipa watazamaji wengi kuliko zote nilizowahi kuposti. Bado kuna watu wananiuliza ilienda wapi. Leo nawajibu, na jibu lenyewe lina hesabu ndani, kwa hivyo vumilieni.

Nilikuwa Kakuma, kama kilomita 120 kutoka kwetu Lodwar ukifuata barabara ya Lokichoggio. Si mnajua zile video za mtaani? Unamwekea mtu kamera usoni, unamtupia swali la hesabu, akikwama watu wanacheka. Nilimpata msichana wa Gredi ya tano akimsaidia mamake kuuza sambusa. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nikamuuliza, "Saba mara nane?"

Akanyamaza. Akaangalia kamera, akaangalia mamake, kisha akasema polepole, "Hamsini na... nne?"

Nilicheka hadi simu ikatikisika mkononi. Nikaweka muziki, nikaweka maandishi makubwa, nikaposti. Watu wakavunjika mbavu.

Sasa sehemu ambayo hamkuiona. Nilipozima kamera nilinunua sambusa saba za shilingi 15 na chai mbili za shilingi 20, moja yangu na moja ya dereva wangu wa boda. Nikatoa noti ya 500. Kabla hata sijashika kikombe, chenji ilikuwa mezani: 355. Hakuandika popote, hakutoa simu. Saba mara kumi na tano, jumlisha arobaini, toa kwa mia tano, yote kichwani. Mtoto huyohuyo. Mimi ndiye niliyehesabu tena kwa kalkuleta ya simu kuona kama amenipunja. Hakuwa amenipunja.

Sehemu hiyo sikuiweka kwa sababu haikuwa inachekesha.

Baada ya wiki chache, jamaa mmoja wa huko akaniambia yule msichana hataki tena kwenda shule. Wenzake wamempa jina: Hamsini na Nne. Hapo ndio nilifuta. Lakini ukifuta video hujafuta jina.

Kusema ukweli, mimi ndiye mtu wa mwisho aliyefaa kumcheka mtu kwa sababu ya hesabu. Niliacha kampasi mwaka wa pili. Wengi hudhani ni karo, na mimi hupenda wafikirie hivyo. Karo ilichangia, sikatai. Lakini kilichonimaliza ni somo la takwimu. Nilikuwa nikiona namba zimepangwa ubaoni, mikono inaanza kutoa jasho. Mtu mzima wa miaka ishirini, anatoka darasani kama mtoto aliyesikia simba.

Hiyo hofu naijua ilikotoka. Shule ya msingi niliyosoma tulikuwa na hesabu za kichwa kila asubuhi. Mwalimu anasoma maswali kumi, unaandika majibu kumi, mnabadilishana vitabu, mnasahihisha. Mpaka hapo hakuna shida. Kisha mnapanga foleni: kila uliyokosa, kiboko kimoja. Ukipata sita, unakula nne. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku shuleni Kenya tangu 2001, kabla mimi sijazaliwa, lakini inaonekana habari zilichelewa kufika kwetu. Mimi nilijifunza kuangalia kitabu cha jirani. Nilikuwa naiba vizuri sana. Hesabu yenyewe sikujifunza.

Kwa hivyo mngetarajia niseme maswali ya asubuhi yafutwe. La. Nasema yarudishwe, kila shule ya msingi, kila siku, kuanzia hapa Lodwar hadi kambini Kakuma. Maswali kumi, dakika kumi. Kilichofaa kufutwa ni fimbo, na pamoja na fimbo ifutwe ile aibu. Zoezi lenyewe halikuwa na kosa.

Turudi kwa binti wa sambusa. Kwa nini ajue 355 na asijue 56? Watu walishaliuliza swali hili zamani. Mwaka 1985 watafiti watatu, Carraher wawili na Schliemann, walichapisha kazi waliyofanya Recife, Brazil, na watoto watano waliokuwa wakiuza vitu barabarani. Waliwauliza hesabu kama wateja, nazi ngapi, chenji ngapi, na watoto wakapata karibu asilimia 98. Kisha hesabu za aina ileile wakawapa kwenye karatasi, namba tupu kama za shuleni. Wakashuka hadi asilimia 37 hivi. Kichwa ni kilekile, mtoto ni yuleyule. Kilichobadilika ni lugha ya swali na mahali pa kulijibia.

Hiyo ndiyo kazi ya maswali ya asubuhi: kujenga daraja kati ya meza ya sambusa na ubao. Mtoto anayeona "7 × 8" kila siku, bila kamera na bila fimbo, mwishowe anaizoea kama anavyozoea bei ya sambusa. Ikimzoea, kichwa kinabaki na nafasi ya kufikiria mambo magumu zaidi. Huwezi kufanya sehemu na asilimia huku bado unahesabu vidole kutafuta saba mara nane. Nawaambia hivi kama mtu aliyejaribu hadi chuo kikuu.

Kwa nini kila siku, na si saa nzima Jumamosi? Kuna Mjerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio ya kumbukumbu yeye mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885. Aligundua kitu ambacho sisi wote tunakijua kwa machungu: unachosoma leo kinaanza kutoroka leo hiihii, lakini ukikirudia kwa vipindi, kinakaa. Kwa hivyo maswali kumi yasiwe yote ya somo la jana. Manne yawe ya jana, matatu ya wiki iliyopita, mawili ya mwezi uliopita, moja jipya la kuwasha moto. Ndio maana mpira unachezwa kila jioni pale uwanjani na si masaa saba kila mwisho wa mwezi.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Tuseme mtoto anaenda shule siku 180 kwa mwaka. Maswali kumi kwa siku ni maswali 1,800 kwa mwaka. Kutoka Gredi ya kwanza hadi ya sita, maswali 10,800. Muda wote uliotumika kwa mwaka ni dakika 1,800, yaani masaa 30 tu. Gharama? Chaki. Serikali hutuma shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa shule ya msingi ya umma kwa mwaka, ambayo ukigawa kwa siku 365 haifiki hata shilingi nne. Kwa pesa hiyo huwezi kumnunulia kila mtoto kishikwambi. Chaki unaweza.

Na kwa nini asubuhi? Wewe wa Nairobi hutaelewa hili mpaka uje. Lodwar joto la mchana kupita nyuzi 35 ni kitu cha kawaida. Ikifika saa tano, darasa la mabati ni jiko. Mwalimu anaongea, watoto wanasikia mabati tu yakilia. Saa mbili asubuhi hewa bado ina huruma kidogo. Kama kuna dakika kumi za dhahabu Turkana, ni hizo.

Ila nisieleweke vibaya. Sisemi mtoto aamshwe saa kumi na moja atembee gizani kwenda "prepu". Kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema shule za kutwa zinaanza saa mbili na kumaliza masomo saa tisa na nusu. Dakika kumi zitoke humohumo, mwanzo wa kipindi cha kwanza. Na zisigeuzwe tuisheni ya kulipia. Ukisikia "leta hamsini ya maswali ya asubuhi", ujue hiyo ni biashara imevaa yunifomu.

Najua mtakachosema. Msee, watoto wana njaa, wewe unaleta hesabu? Ni kweli, na hapa sina mzaha. Turkana kuna watoto ambao chakula cha shule ndicho chakula. Kakuma mgao ulikatwa vibaya sana mwaka 2025, kila mtu huko anajua. Tumbo tupu halijui saba mara nane. Uji uje kwanza, halafu maswali. Lakini tusitumie njaa kama kisingizio cha kumnyima mtoto kitu kingine tena. Huyo mtoto mwenye njaa ndiye atakayehitaji zaidi kujua kama mwenye duka amemhesabia sawa. Kambini watu walianza kununua chakula kwa pesa za simu za Bamba Chakula mwaka 2015. Mara nyingi anayemsomea mzazi salio na bei ni mtoto. Hesabu huko ni ulinzi wa familia.

Mwingine atasema walimu wamechoka, na darasa moja la Kakuma linaweza kuwa na watoto zaidi ya mia. Ni ukweli pia. Walimu wengi wa kambini ni wakimbizi wenyewe, wanafundisha kwa marupurupu madogo, na hakuna binadamu anayeweza kusahihisha vitabu mia kila siku. Lakini zoezi hili ndilo linalofaa darasa la aina hiyo. Maswali yako ubaoni, mtoto anajibu, majibu yanasomwa kwa sauti, anajisahihisha mwenyewe. Anaandika alama yake kwenye ukurasa wa nyuma wa kitabu: leo nne, jana tatu. Haonyeshi mtu. Anashindana na jana yake. Mwalimu anauliza tu, "Swali gani limewasumbua wengi?" Mikono ikiwa mingi kwa swali la sita, hilo ndilo analolifundisha tena.

Na wa tatu, huyu ni wa mtandaoni kabisa, atasema kukariri kumepitwa na wakati, siku hizi ni kuelewa. Kwani lazima tuchague? Mnisikilize. Kwa Kiturkana sita ni "tano na moja". Saba ni "tano na mbili". Nane ni "tano na tatu". Nyanya yangu, ambaye hajawahi kukaa kwenye dawati, akisema namba hizo tayari amezipasua vipande. Chukua saba mara nane: nane mara tano ni arobaini, nane mara mbili ni kumi na sita, jumla hamsini na sita. Imeisha. Lugha ya nyumbani ilikuwa imebeba mbinu hiyo wakati wote, na hakuna mtu aliyewahi kunionyesha shuleni. Rudia mbinu hiyo asubuhi hata ishirini, utakuwa umeelewa na umekariri kwa mpigo mmoja.

Hii si hobi yangu mpya. Ripoti za Uwezo za miaka ya 2010 zilisema watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu Kenya waliweza kufanya kazi ya darasa la pili. Watoto hao ndio sisi, wengi wetu tuko humu tunasoma hii posti. Na mlango umefungwa nyuma yao: Aprili 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza hesabu ni lazima kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu, nzito kwa wa sayansi na nyepesi kwa wengine. Hakuna kuikwepa tena. Mtoto wa Gredi ya nne wa Kanamkemer na mwenzake wa Kakuma watafanya mtihani mmoja na mtoto wa Nairobi mwenye mwalimu wa nyumbani. Huyo wa Nairobi ana mtu wa kumuuliza saba mara nane akiwa kwenye gari. Wa kwetu ana nani?

Ana wewe. Ndio, wewe uliye na simu na dakika kumi.

Mimi sasa naamka na dadangu mdogo, yuko Gredi ya nne. Kabla ya jua kuchacha tunakaa nje na kipande cha mkaa na ukuta wa jikoni. Maswali kumi. Akikosa hakuna neno, tunalirudisha kesho. Wiki ya kwanza alikuwa akipata tatu na kuficha kwa mkono. Sasa anapata saba, nane, siku nyingine tano. Kuna siku aliniandikia yeye maswali kumi. Nilipata tisa. Mikono haikutoa jasho.

Kakuma nilirudi pia, bila kamera. Nilimwomba radhi yule msichana mbele ya mamake. Mama hakusema mengi. Alinitazama vile mama hutazama, akaniuliza, "Hiyo video ilikulipa ngapi?" Nikamwambia. Akageukia bintiye, "Nusu yake ni ngapi?" Binti akaitaja hapohapo. Niliwatumia kwa M-Pesa nikiwa nimesimama palepale.

Alikuwa amesharudi shule, lakini anakaa nyuma na hanyooshi mkono. Deni hilo M-Pesa hailipi.

Kwa hivyo wenzangu wa kontenti, tuache hizo video za kuwavizia watoto na namba. Na wewe msomaji, kama kuna mtoto kwenye nyumba yenu, kesho asubuhi muulize maswali kumi, taratibu, bila kumcheka. Anza na lile analoliweza.