Ya nini kuacha dawa kwa ajili ya taji la simuni?

Mapema mwaka huu alinijia mwanamume wa makamo, mkazi wa Kitengela, akilalamika kwamba kifua humbana kila apandapo kilima kwa baiskeli. Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa 178 kwa 104. Nilishangaa, kwani miezi michache kabla ya hapo lilikuwa limetulia kwa vidonge vya atenolol. Nilipomhoji sana alikiri kuwa ameviacha. Sababu? Vilimpunguzia kasi, na jina lake lilikuwa limeteremka kutoka nafasi ya tatu hadi ya kumi na moja kwenye orodha ya simu.

Sikumkaripia. Ningemkaripiaje ilhali nami nimo katika orodha iyo hiyo?

Kwa wasiojua, kuna programu za simu zinazofuata safari ya baiskeli kwa msaada wa setilaiti. Maarufu zaidi ni Strava, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009. Barabara hukatwa vipande, na kila kipande kina orodha ya waliokipita kwa kasi. Aliye juu huvikwa taji. Jumamosi alfajiri, ukiwa kwenye matatu ya kwenda Kajiado, utatuona kati ya Kitengela na Isinya tumeinama kama waliopoteza sarafu. Wengine hukata kona Isinya kuelekea Kiserian, ambako mitambo ya umeme wa upepo ya Kipeto huonekana kwa mbali. Upepo huo, nisiwafiche, ndio unaotoa mataji mengi. Ukikusukuma mgongoni, wewe ni bingwa. Ukikukabili usoni, hata fundi wa baiskeli atakupita.

Sisemi programu hizi ni mbaya. Nilipofikisha miaka arobaini tumbo langu lilikuwa limetangulia mbele, na kilichonitoa kitandani si vitabu vya udaktari bali ni simu. Shirika la Afya Ulimwenguni linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au nusu yake iwapo ni mazoezi mazito. Mgonjwa wa kisukari akiniambia, "Daktari, huwa najinyoosha kidogo," huwa nasita kuamini. Siku hizi ananionyesha simu, nami naona dakika zake. Huo ni ushahidi ambao sikuwa nao nilipoanza kazi hii.

Lakini simu haijui dawa unazomeza. Tazama alivyopotoka mgonjwa wangu. Wapenda mazoezi hupiga hesabu ya 220 kutoa umri ili kukadiria upeo wa mapigo ya moyo. Mtu wa miaka 50 hupata 170. Hata kwa mtu mzima wa afya hayo ni makadirio tu. Kwa anayetumia atenolol na dawa za jamii yake, hesabu hiyo haifai kabisa, kwa sababu kazi ya dawa hizo ni kuupunguzia moyo mbio. Yeye aliona saa yake ikisoma 120 akadhani anafanya uvivu, akazidi kukanyaga. Kisha akaacha vidonge kwa ghafla. Dawa za namna hii hazikatizwi hivyo. Moyo uliokuwa umezuiliwa huweza kurudi kwa kishindo, na mwenye mishipa iliyoanza kuziba akapatwa na mshtuko wa moyo barabarani. Kama dawa yako ya presha inakulemea, mwambie daktari. Zipo nyingine zisizopunguza mapigo, mathalani amlodipine na losartan, ingawa hazimfai kila mtu.

Hatari nyingine inajulikana. Mwaka 2010 huko Berkeley, California, mwendeshaji mmoja aliyekuwa amepokonywa rekodi yake ya kuteremka mlima alikwenda kuirudisha, akafa. Jamaa zake waliishtaki Strava mwaka 2012; kesi ikatupwa mwaka uliofuata. Hapa kwetu bado tunamkumbuka Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 27, 2022 baada ya kuanguka akiwa kasi katika mashindano ya Vermont, Marekani. Huyo alikuwa mweledi na hiyo ndiyo kazi yake. Sisi Jumatatu tunarudi dukani na ofisini. Tena barabara yetu ndiyo ya malori ya Namanga, katika nchi ambayo mwaka 2022, 2023 na 2024, kila mwaka, zaidi ya watu 4,000 waliuawa barabarani. Dereva wa lori hana habari kwamba unatafuta taji.

Ukiona kipande cha mteremko ni cha hatari, unaweza kukiripoti katika programu, na orodha yake ya washindi ikaondolewa. Wachache hufanya hivyo. Mimi nimefanya mara moja, na ndugu zangu wa kundi hawakunisemesha wiki nzima.

Mgonjwa wangu nilimrudishia vidonge siku hiyo hiyo, nikamkataza kupanda baiskeli, nikampeleka Nairobi akapimwe moyo. Mshipa mmoja umeanza kuziba. Baada ya matibabu, mtaalamu wa moyo alimruhusu kuendesha polepole. Nilimfundisha kipimo kisichohitaji saa: kama huwezi kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, punguza, kifua kikibana, shuka chini na utafute msaada. Sasa huenda Isinya na kurudi akipiga gumzo na wauza maziwa wanaopita. Kwenye orodha yuko sabini na kitu, na ananiambia ameacha kuitazama.

Nami ningependa kusema hivyo. Jumamosi iliyopita, kabla hata sijavua helmeti, nilikuwa nimekwisha kutoa simu mfukoni.