Bibi arusi wa miaka 38 asiambiwe asubiri

Mwanamke anayeolewa akiwa na umri wa miaka 37 au 38 huambiwa neno moja na karibu kila mtu: subiri. Shangazi humwambia asubiri, mhubiri humwombea kisha akamwambia asubiri, na hata mama mkwe, akijikaza sana, humwambia vivyo hivyo. Nia yao ni njema. Lakini kwa maoni yangu, hakuna ushauri mbaya kuliko huo kwa mwanamke wa umri huo anayetaka mtoto.

Msichana huzaliwa na mayai yake yote ya uzazi, kati ya milioni moja na milioni mbili, wala hatengenezi mengine maishani. Anapovunja ungo huwa amesalia na kama 300,000 au 400,000. Katika miaka yake yote ya hedhi ni kama 400 hivi yatakayopevuka na kutoka. Yaliyobaki hufa polepole, awe ameolewa au hajaolewa, awe anameza tembe za kupanga uzazi au hamezi. Baada ya miaka 35 upungufu huu huongeza kasi, na mayai yanayosalia huwa yamezeeka pamoja na mwenyewe. Mwanamke wa miaka 30 asiye na tatizo lolote ana nafasi kama 20 kwa 100 ya kushika mimba kila mwezi. Akifika miaka 40, nafasi hiyo ni chini ya 5 kwa 100. Isitoshe, mimba za umri huo huharibika mara nyingi zaidi, na uwezekano wa kumzaa mtoto mwenye hali ya Down hufika kama mmoja kwa 100.

Simlaumu aliyechelewa. Wengi walikuwa masomoni, wengine wakilipia wadogo zao karo, na wengine hawakumpata mume wa maana (wanaume wa maana, mnisamehe, hawauzwi sokoni). Ushauri wa kusubiri tuliurithi kutoka enzi nyingine. Uchunguzi wa kitaifa wa 1989 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 6.7. Ule wa mwaka wa 2022 ulipata 3.4. Aliyeanza kuzaa akiwa na miaka 19 angeweza kupoteza mwaka mzima bila hasara. Anayeanza na miaka 38 hana mwaka wa kupoteza.

Ndiyo sababu madaktari hawampimi kila mtu kwa kipimo kimoja. Aliye chini ya miaka 35 hupewa mwaka mmoja wa kujaribu. Aliyetimiza 35 hupewa miezi sita tu, na aliyefika 40 aende mara moja. Vilevile asingoje yule ambaye hedhi yake haina mpangilio, au aliyewahi kuugua kisonono, klamidia au maambukizi baada ya kuzaa au kutoa mimba, kwa maana kwetu Afrika hayo ndiyo huziba mirija ya uzazi mara nyingi. Mirija iliyoziba huonekana kwa picha ya eksirei inayopigwa baada ya kutiwa dawa ya rangi. Kukandwa tumbo hakuizibui, hata mkandaji awe hodari vipi.

Na wewe unayedungwa sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, fahamu kwamba haikuharibii kizazi kama wanavyodai majirani. Hata hivyo, uzazi unaweza kuchukua miezi kumi hivi kurejea baada ya sindano ya mwisho. Ukiwa na miaka 37, ihesabu miezi hiyo mapema.

Wapo wanaojipa moyo kwamba mambo yakishindikana kuna mtoto wa kutungwa kwenye maabara. Louise Brown alizaliwa kwa njia hiyo kule Uingereza mwaka wa 1978, na hapa Kenya watoto wa kwanza wa aina hiyo walizaliwa mwaka wa 2006. Ni msaada mkubwa kwa mwenye mirija iliyoziba, lakini jaribio moja hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi, na maabara haiwezi kulifanya yai la miaka 44 liwe changa. Wale nyota wa ng'ambo tunaoona picha zao wakiwa na watoto wachanga katika umri wa miaka 50, kwa kawaida huwa wametumia mayai ya mwanamke mwenye umri mdogo. Magazeti hayaongezi sentensi hiyo chini ya picha.

Sasa nije kwa bwana. Katika takriban nusu ya ndoa zinazokawia kupata mtoto, upande wa mume una sehemu yake katika tatizo. Hata hivyo, utamkuta mke amepigwa eksirei, amepimwa damu mara nne, pengine amepasuliwa, ilhali mume hajatoa hata tone moja la manii lipimwe. Akiulizwa hujibu kwamba ana mtoto kwingine. Mtoto aliyezaliwa miaka kumi iliyopita hasemi lolote kuhusu mbegu za leo. Tena umri humgusa mwanamume pia, ingawa polepole zaidi: baada ya miaka 40 hivi ubora wa mbegu hupungua, na mimba huharibika zaidi. Kama ningekuwa na mamlaka, hakuna mke ambaye angeingizwa chumba cha upasuaji kwa ajili ya kutafuta mtoto kabla matokeo ya mumewe hayajawekwa mezani.

Kipimo chenyewe hakina maumivu, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya upasuaji. Bwana ajizuie kwa siku mbili hadi saba, asipitishe, kisha atoe manii kwenye kikopo safi cha maabara, asitumie kondomu ya kawaida. Akitolea nyumbani, yafikishwe ndani ya saa moja, kikopo kikiwekwa karibu na mwili kisipate baridi. Iwapo aliugua homa kali hivi karibuni, amwambie daktari, kwani mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa, na huenda akaambiwa arudie kipimo. Wakati huo mke naye aendelee na vipimo vyake, asimngoje.